Breki ya mbele: anayejifunza pikipiki aiguse au aiogope?

mgeni_wa_klachi

Habari zenu wakuu. Najifunza pikipiki, cc 150, mbele ina breki ya disiki, nyuma ya viatu, haina ABS (mfumo unaozuia tairi kugoma kuzunguka unapofunga breki). Kuondoka bila injini kuzimika naweza, gia nimeshazishika. Kinachonichanganya ni breki. Kila mwenye pikipiki ananiambia "ya mbele usiiguse, itakupindua, wewe kanyaga ya nyuma tu." Kitabu cha pikipiki kinasema zitumike zote mbili kwa pamoja. Nani yuko sahihi, na kwa nini?

La pili: nijifunze nini mpaka nikiweze kabla sijaingia barabara yenye magari? "Uwe makini" nimeshaambiwa vya kutosha. Nataka vitu vya kufanya, tena kwa vipimo.

disiki_na_viatu

Kitabu kiko sahihi.

Ukifunga breki, uzito wa pikipiki na wa kwako unakimbilia mbele. Shokapu za mbele zinazama, tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami na kushika zaidi, la nyuma linabaki jepesi. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele hufanya asilimia 70 ya kazi ya kusimamisha, na kadiri unavyofunga kwa nguvu ndivyo sehemu yake inavyozidi kupanda. La nyuma, likiwa jepesi hivyo, ukilikanyagia kwa hofu linagoma kuzunguka na kuanza kuserereka. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walichunguza ajali takriban 900 za pikipiki papo hapo zilipotokea, wakatoa ripoti yao mwaka 1981. Moja ya waliyoyakuta ni hili hili: dereva anakanyaga ya nyuma mpaka tairi linaserereka, na ya mbele haibani vya kutosha.

Sasa kwa nini watu wanaanguka wakiigusa ya mbele? Kwanza, wanainyakua ghafla kabla uzito haujahamia mbele, kwa hiyo tairi linafunga, yaani linagoma kuzunguka, likiwa bado halijakandamizwa. Pili, wanaibana usukani ukiwa umepinda au pikipiki imelala kwenye kona. Tatu, wanaibana kwa nguvu juu ya mchanga au kokoto. Na kinachoangusha wengi si kupinduka kichwa mbele. Ni tairi la mbele kufunga, pikipiki ikadondoka ubavu kabla hujajua nini kimetokea. Dawa yake ni kubana kwa hatua, siyo kuikimbia.

Fanya hivi, pikipiki ikiwa wima na usukani umenyooka:

1. Rudisha mafuta yote. Wakati huo huo kamata klachi yote, injini isizimike na tairi la nyuma lisivutwe na gia.
2. Vuta leva ya mbele mpaka uone pedi zimegusa disiki na shokapu zimeanza kuzama. Hapa bado hujafunga, unahamisha uzito tu. Inachukua kama nusu sekunde.
3. Endelea kubana, nguvu ikiongezeka hatua kwa hatua, kama unavyokamua chungwa. Shokapu zikishazama tairi litabeba nguvu kubwa ambayo mwanzoni lisingeibeba.
4. Mguu wa kulia unakanyaga ya nyuma kidogo, halafu unalegeza kadiri uzito unavyozidi kwenda mbele.
5. Macho mbali mbele, usitazame tairi. Magoti yabane tanki ili mwili usibebwe na mikono, viwiko vikunjike kidogo.
6. Teremsha gia huku unasimama, umalize ukiwa gia ya kwanza. Mguu wa kushoto ndio unaotua chini.

Tairi la mbele likifunga, achia leva mara moja, halafu bana tena taratibu. Usingoje uone itakuwaje, una sehemu ndogo sana ya sekunde. La nyuma likifunga huku pikipiki imenyooka, legeza kanyagio polepole. Ila kama sehemu ya nyuma imeshatoka pembeni, usiachie ghafla: tairi litashika tena kwa mpigo, pikipiki itajinyoosha kwa nguvu na kukurusha upande wa pili. Bora ubaki umekanyaga mpaka isimame.

Mazoezi: tafuta lami kavu isiyo na kokoto wala magari, angalau mita 100 za kunyooka. Weka alama. Anza na 20 km/h, kisha 30, kisha 40, kisha 50. Usipande ngazi mpaka usimame mara kumi mfululizo bila tairi kufunga na bila injini kuzimika. Pima kwa hatua za miguu kutoka kwenye alama hadi ulipoishia. Usipoona namba zikipungua, bado unaiogopa leva. Kama pedi ni mpya, zitembeze kwanza km 200 au 300 kwa breki za upole, maana pedi isiyokaa sawa na disiki haishiki ipasavyo.

Ukipata nafasi ya kuchagua pikipiki yenye ABS, chagua. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa aina mpya za pikipiki za zaidi ya cc 125 kuanzia 2016, na si kwa urembo. Lakini hata ABS haikufundishi kubana. Inazuia tairi kufunga tu.

sekunde_tatu

Naongezea hesabu, kwa sababu wanaoanza hawaamini mpaka waone namba.

50 km/h ni karibu mita 14 kwa kila sekunde. Ukiona hatari, ubongo na mkono vinachukua kama sekunde moja kabla breki haijaanza kazi: mita 14 zimekwenda bure. Kusimama kwenyewe, kwa mtu anayebana zote mbili vizuri kwenye lami kavu, ni mita nyingine 14 hivi. Jumla 28. Kwa breki ya nyuma peke yake, hiyo sehemu ya pili inakaribia maradufu.

80 km/h: mita 22 za kushtuka, na 36 za kusimama. Jumla 58. Mwendo umeongezeka kwa asilimia 60, umbali umezidi maradufu, kwa sababu umbali wa kufunga breki unafuata mraba wa mwendo.

Kwa hiyo nyuma ya gari acha sekunde tatu, siyo mbili. Chagua nguzo au kivuli barabarani; gari la mbele likikipita hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu". Ukifika kabla ya kumaliza, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, nne au zaidi. Na vidole viwili vikae juu ya leva ya mbele kila unapokaribia makutano: hapo unaokoa sehemu ya ile sekunde.

Nimetaja makutano makusudi. Ripoti hiyo hiyo ya Hurt ilionyesha kwamba ajali za pikipiki na gari, karibu theluthi mbili zilisababishwa na dereva wa gari kuinyima pikipiki haki ya njia, hasa gari lililokuwa likija kutoka mbele likakatiza kuingia barabara ya pembeni. Dereva anatazama kweli, haoni. Pikipiki ni nyembamba: nguzo ya kioo cha mbele cha gari inatosha kuificha yote. Na hata akiiona, kitu kidogo kinachokuja moja kwa moja hakionekani kukua mpaka kiwe karibu sana, hivyo anadhani kipo mbali na kinakuja polepole.

Unachoweza kufanya: taa ya mbele iwake hata mchana. Ukiona gari linasubiri kukata, achia mafuta, weka vidole kwenye leva, na sogea pembeni kidogo ndani ya njia yako, kushoto kwenda kulia au kinyume chake. Mwendo wa kukatisha mbele ya macho yake unaonekana haraka kuliko wa kumjia moja kwa moja. Usimtazame usoni ukadhani mmeelewana. Tazama tairi lake la mbele. Tairi likianza kuzunguka, ameondoka, hata kama uso unakutazama.

Usikae pembeni mwa lori au basi. Kama huvioni vioo vyake, dereva hakuoni. Ama pita ukamalize, ama rudi nyuma.

mgeni_wa_klachi

Nashukuru sana, hizi ndizo nilizokuwa nazitafuta. Maswali mawili tena. Nimesikia kwamba ukiona hutaweza kusimama, ni bora uiangushe pikipiki chini iserereke, kuliko kugonga. Kweli? Na helmeti: nimepewa moja ya nusu, ile isiyofunika kidevu. Inatosha kwa kuanzia?

kidevu_kwanza

La kuiangusha, hapana. Mpira wa tairi unashika lami kuliko chuma na plastiki. Pikipiki iliyolala inaserereka mbali kuliko iliyo wima inayofungwa breki, na ukishaiangusha huna breki, huna usukani, huna chochote, na bado unaelekea kule kule. Wengi wanaosema "niliilaza" walifungisha tairi la nyuma ikaanguka yenyewe. Bana breki mpaka mwisho. Hata ukigonga, utakuwa umepunguza mwendo, na nguvu ya kugonga inapungua kwa mraba wa mwendo: kugonga kwa 25 badala ya 50 ni robo ya nguvu, siyo nusu.

Helmeti ya nusu haitoshi, iwe kwa kuanzia au kwa kumalizia. Mtu anayeanguka mbele hufikia uso na kidevu mara nyingi sana. Chukua inayofunika uso mzima. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, mwaka 2008 ulikadiria kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini hiyo ni helmeti iliyofungwa na inayokaa.

Kuhusu kuchagua:

Ukubwa. Zungusha futi ya fundi cherehani kichwani, sentimita 2 au 3 juu ya nyusi, ipite sehemu pana ya kisogo. Linganisha na jedwali la mtengenezaji huyo huyo, maana M ya huyu si M ya yule. Ikivaliwa ibane mashavu kiasi kwamba ukitafuna unajing'ata shavu kidogo. Mpya ikiwa inakaa kirahisi, baada ya miezi michache sponji zitakuwa zimelala na helmeti inacheza.

Jaribio. Funga mkanda, usibaki na nafasi ya zaidi ya vidole viwili chini ya kidevu. Inama, mwenzako ashike ukingo wa nyuma na kuivuta kwenda juu na mbele. Ikitoka, siyo yako. Kisha izungushe kushoto na kulia: ngozi ya uso isogee pamoja nayo. Ivae dakika 20 dukani. Ikiuma paji la uso sehemu moja, umbo lake halilingani na kichwa chako, na ukubwa mwingine hautatibu hilo.

Alama. Ya kiwango cha Ulaya, ECE 22.05 au 22.06, ina kitambulisho kilichoshonwa kwenye mkanda au ndani, chenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha. Za Marekani zina DOT na FMVSS 218 nyuma. Za India zina ISI na IS 4151. Stika inaweza kughushiwa, kwa hiyo tazama pia ndani: lazima kuwe na foamu ngumu nyeupe au nyeusi ya unene unaoonekana, kama sentimita 2 na zaidi, siyo sponji tupu juu ya plastiki. Hiyo foamu ndiyo inayofanya kazi, inabonyea mara moja na hairudi. Ndiyo maana helmeti iliyopata ajali haivaliwi tena hata kama ganda linang'aa, na ndiyo maana ya mtumba haifai: huijui historia yake. Kwa matumizi ya kila siku, badili kila baada ya miaka mitano hivi.

Kioo chenye mikwaruzo kibadilishwe. Usiku kila taa inapasuka kuwa nyota. Kioo cheusi usiku, hapana kabisa.

Baada ya kichwa, mikono. Mtu akianguka, viganja ndivyo vinavyotangulia, kwa hiyo glavu zenye kiganja kigumu na mkanda wa kufunga kifundo. Halafu buti zinazopita vifundo vya miguu. Ndala na pikipiki haviendi pamoja, hata kubadili gia tu inakukwangua. Jaketi yenye vikinga vya viwiko na mabega vilivyoandikwa EN 1621-1, kiwango cha Ulaya cha vikinga hivyo. Suruali ya jinzi ya kawaida ikikutana na lami hutoboka karibu papo hapo, ila bado inashinda kaptura.

mwendo_wa_kobe

Nakubaliana na disiki_na_viatu isipokuwa mpangilio. Kabla ya kusimama kutoka 50, mtu ajue kutembea na 5. Wanaoanza huanguka wakigeuza, wakiingia maegesho, wakisimama kwenye mteremko. Mwendo wa chini ndio mgumu, kwa sababu pikipiki inabaki wima yenyewe ikiwa na kasi tu.

Zoezi la kwanza ni nusu klachi. Gia ya kwanza, mafuta kidogo yasiyobadilika, achia klachi mpaka pikipiki inaanza kuvuta, ishikilie hapo hapo. Mguu wa kulia ukanyage breki ya nyuma kidogo. Injini inavuta, breki inazuia, na pikipiki inatulia kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwendo unaurekebisha kwa klachi na breki ya nyuma, siyo kwa mafuta. Hapa ndipo penye kazi halisi ya breki ya nyuma, na hapa ndipo ya mbele haiguswi: usukani ukiwa umepinda, kuigusa kidogo tu kunaiangusha pikipiki upande ule ilikopinda. Nadhani ule ushauri wa "usiguse ya mbele" ulianzia hapa, watu wakauhamishia barabara kuu.

Panga chupa tano zenye maji, mita 5 kati ya moja na nyingine, uzipite kwa kupindapinda. Ukiweza, zisogeze ziwe mita 4. Kisha chora namba 8 ndani ya eneo la mita 6 kwa 12. Siri ni macho: geuza kichwa mpaka kidevu kielekee unakotaka kutokea. Ukitazama chupa utaigonga. Barabarani ni vile vile kwa shimo na jiwe, ukilikodolea unaliendea.

Zoezi la pili ni kupinda ukiwa na kasi. Kuanzia 20 hadi 25 km/h hivi, pikipiki haipindi kwa kuzungusha usukani upande unaoenda. Ukisukuma mkono wa kushoto mbele, inalala kushoto na kwenda kushoto. Ukisukuma wa kulia, inaenda kulia. Jaribu kwenye nafasi wazi kwa 30, sukuma kidogo sana. Asiyelijua hili, siku kitu kikimtokea ghafla mbele, atazungusha usukani kwa nguvu kukikwepa na pikipiki itaenda kinyume. Jizoeze kukwepa: sukuma upande mmoja, kisha mwingine kujirudisha. Na usichanganye kukwepa na breki. Ama unasimama, ama unakwepa, au unafunga breki, unaachia, ndipo unakwepa.

Kona: mwendo wote upunguzwe kabla ya kuingia, gia ichaguliwe kabla, halafu ndani ya kona mafuta kidogo yasiyoyumba. Kaa upande wa nje wa njia yako mpaka uuone mwisho wa kona, ndipo uiingie kwa ndani. Kichwa chako na usukani visivuke mstari wa katikati, hata kama tairi liko ndani ya mstari, maana pikipiki ikilala kichwa kinakuwa upande wa pili, kule magari yanakotoka. Ukiona umeingia kwa kasi kuliko ulivyokusudia, usikamate breki kwa hofu. Tazama unakotokea na sukuma zaidi mkono wa ndani. Mara nyingi pikipiki ilikuwa na uwezo, dereva ndiye aliyekata tamaa.

indiketa_zima

Dogo ila linaua: indiketa za pikipiki nyingi hazijizimi zenyewe baada ya kona. Ukiisahau ikiwaka, gari linalosubiri pembeni litaamini unaingia, litakutokea. Bonyeza kitufe kuzima kila ukimaliza kupinda, hata kama unadhani imezima. Na kabla ya kuhama njia, kioo hakitoshi: geuza kichwa uangalie juu ya bega, mara moja, haraka.

fundi_cheni

Wote wameongelea dereva. Chombo nacho kinaangusha. Ukaguzi huu unachukua dakika tano.

Upepo. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, maana likishatembea joto linapandisha namba na utadhani una upepo wa kutosha. Kiwango sahihi kiko kwenye stika ya kinga ya cheni au ya mkono wa tairi la nyuma. Usifuate namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi, hiyo ni kikomo cha juu cha tairi. Pikipiki nyingi za cc 125 hadi 150 zinataka psi 25 hadi 29 mbele na 28 hadi 33 nyuma, zaidi nyuma ukibeba mtu. Upepo pungufu mbele unafanya usukani uwe mzito na pikipiki iyumbe kwenye kona. Upepo uliozidi unapunguza eneo linalogusa lami, na umbali wa kusimama unakuwa mrefu zaidi.

Tairi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo. Mpira ukilingana navyo, tairi limekwisha, usingoje liwe kipara. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 3522 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi la miaka mingi lililopasukapasuka ni gumu, halishiki hata kama mifereji imejaa. Na tairi jipya lina utelezi mwanzoni. Km 150 za kwanza usilaze sana wala kufunga breki kwa nguvu.

Cheni. Weka stendi ya kati, nyutro, zungusha tairi polepole mpaka upate sehemu iliyokaza zaidi. Katikati ya cheni ya chini, inua na ushushe kwa kidole: mm 25 hadi 35 kwa pikipiki nyingi ndogo, thibitisha kwenye kitabu. Ikikaza mno inakula sproketi (magurudumu ya meno yanayozungusha cheni) na beringi ya shafti ya gia. Ikilegea mno inaruka kwenye meno, na ikijikunja kati ya sproketi na kava la injini, tairi la nyuma linafunga ukiwa na mwendo. Ukirekebisha, alama za pande zote mbili za ekseli zilingane, la sivyo tairi linakaa mshazari. Kaza nati ya ekseli, kisha pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe kunabadili kipimo. Isafishe na kuipaka oili kila km 500, na kila baada ya mvua. Oili ipakwe upande wa ndani wa cheni ya chini, isimwagike kwenye tairi. Kamwe usisafishe cheni injini ikiwaka na gia imeingia; vidole vingi vimebaki kwenye sproketi.

Breki. Kanyagio la nyuma la breki ya viatu liwe na uhuru wa mm 20 hadi 30 kabla ya kushika. Kamba ya klachi, mm 10 hadi 20 mwishoni mwa leva. Pedi za mbele zikibaki mm 2, badili. Maji ya breki yabadilishwe kila miaka miwili, kwani yananyonya unyevu na yakichemka leva inakuwa laini na kuzama. Leva ikiwa kama sponji, kuna hewa ndani, usiondoke nayo. Mwisho tazama taa ya breki kama inawaka kwa leva na kwa kanyagio. Mara nyingi inawaka kwa moja tu, na aliyeko nyuma yako hajui kwamba unasimama.

mgeni_wa_klachi

Nimenakili yote. La mwisho kabla sijawachosha: mvua, kokoto, na kubeba abiria. Abiria nianze lini?

sekunde_tatu

Mvua: dakika 10 hadi 15 za kwanza ndizo mbaya, hasa baada ya kiangazi, kwa sababu oili na vumbi vinaelea juu ya maji kabla ya kusombwa. Kama unaweza kusubiri, subiri. Mistari ya rangi, mifuniko ya chuma na reli ni utelezi mtupu ikilowa. Vivuke ukiwa wima, bila breki, bila kuongeza mafuta. Reli ivuke karibu na pembe mraba, tairi lisije likazama kwenye mfereji wake. Breki bado ni zote mbili, ila ile hatua ya pili iwe ndefu na laini zaidi, na ya nyuma ichukue sehemu kubwa kidogo kuliko kwenye lami kavu. Dimbwi usilolijua kina chake, lizunguke.

Kokoto na mchanga: punguza mwendo kabla ya kuingia, siyo ndani yake. Ukishaingia, mafuta yasibadilike, mikono ilegee, acha usukani ucheze kidogo, unajirekebisha. Kuukaza ndiko kunakoangusha. Breki ya nyuma kwa upole, ya mbele kwa ncha ya kidole ikiwa lazima, na usukani umenyooka. Kona ya lami yenye kokoto zilizotawanyika ndiyo mbaya kuliko barabara yote ya kokoto, maana umeingia ukiwa na kasi ya lami.

Abiria: usianze mpaka uweze kusimama kutoka 50 bila kufikiria na namba 8 bila kuweka mguu chini. Kwa wengi hiyo ni miezi, siyo wiki. Uzito wake unakaa juu ya tairi la nyuma, hivyo la nyuma linapata kushika zaidi na breki yake inafaa zaidi kuliko ukiwa peke yako, lakini kusimama kunahitaji umbali mkubwa na mbele panakuwa pepesi unapoondoka. Ongeza upepo wa nyuma hadi kiwango cha abiria kilicho kwenye stika, pandisha springi za shokapu za nyuma ngazi moja au mbili, kisha rekebisha taa ya mbele, kwa sababu nyuma ikishuka taa inapiga machoni mwa wanaokuja.

Mueleze kabla hajapanda: helmeti imefungwa, miguu isitoke kwenye vikanyagio hata mkisimama, mkilala kwenye kona alale nanyi na asijiinue upande wa pili. Apande baada ya wewe kuweka miguu yote miwili chini, leva ya mbele umeibana, stendi ya pembeni umeikunja, naye aje kwa upande wa kushoto, kwa kuwa ekzosi ya pikipiki nyingi iko kulia na inaunguza ndama ya mguu hata dakika kadhaa baada ya injini kuzimwa.